Bonde Lisilo na Mtu

3 Februari

Tumefika saa tisa alasiri. Nyumba yenyewe ni vyumba viwili vya bati walivyoviacha mafundi wa barabara, na walipoondoka hawakufagia. Dirishani kwangu wamejaa nyigu waliokufa. Sakafuni kuna mchanga laini kama unga, unaoingia mpaka kwenye meno. Nimefagia mara tatu. Mara ya nne nikagundua kwamba nafagia jangwa, nikautupa ufagio.

Aliyenileta ni shemeji, mume wa mdogo wangu. Miaka ishirini na sita nilikuwa na studio ya picha: paspoti, harusi, mahafali. Zikaja simu, kila mwenye kidole akawa mpiga picha, studio ikafa. Shemeji akatokea na kazi: kulipiga picha jangwa siku tisini mfululizo, mwanga unavyobadilika na hali ya hewa inavyogeuka, kiangazi kizima mpaka mvua. Vigingi vinne vya chuma ameshavipigilia chini yeye mwenyewe, na kila kimoja kina mshale wa rangi nyeupe. Nasimamisha stendi juu ya kigingi, kamera inatazama mshale unakoelekea, alfajiri, adhuhuri na jioni. Anasema kitatoka kitabu kikubwa cha picha.

"Sharti ni moja tu, Shem. Pawe patupu. Pasionekane mtu, mnyama wala unyayo."

Nimekubali. Aliyezoea kufuta chunusi za maharusi hatashindwa na unyayo.

Kuandika daftari ni mazoea ya studio. Kila siku niliandika saa, mwanga, na nani alikaa kwenye kiti. Hapa nitaandika saa, mwanga, na nani kaniharibia picha.

4 Februari

Kigingi cha kwanza, saa kumi na mbili kasorobo. Mchanga ulikuwa wa kijivu, hauna uhai. Jua likachungulia, na kila kunjo la mchanga likapata upande wa dhahabu na upande wa zambarau. Hali hiyo inadumu dakika nne, basi. Ndani ya dakika hizo hizo wakaingia mbuzi. Mbuzi thelathini na kitu, wakikohoa na kunya, wakaikata picha yangu katikati kuelekea kisima kilichoko nyuma yangu. Nyuma yao mwanamke wa rika langu, kajitanda shuka, anapiga mluzi kwenye pengo la meno.

Nimempa jina la Mama Mbuzi. Ananuka beberu kiasi kwamba nilijua amefika kabla sijageuka. Nikamwambia kwa ile sauti ya kubembeleza wateja, "Mama, naomba uwe unawazuia kule nyuma ya kilima mpaka nimalize. Nusu saa tu."

Akaniangalia mimi, akaiangalia kamera. "Unapiga picha nini?"

"Jangwa."

"Limefanya nini?"

"Limependeza tu, mama."

Akacheka na pengo lake. "Haya. Mgeni ana kazi yake." Akawarudisha mbuzi. Lakini kwato zilikuwa zimeshachafua kila mahali na mwanga ulikuwa umekwenda zake. Asubuhi nzima imepotea kwa sababu ya mikia.

5 Februari

Amewazuia. Picha safi. Nyayo zake nimezifagia kwa tawi la mwiba, kiuno kinauma.

9 Februari

Adhuhuri hapa ni tusi. Jua likiwa utosini vivuli vinakufa, mchanga unakuwa mweupe bapa kama ukuta wa hospitali, na mazigazi yanacheza kwa mbali kama maji ambayo mtu amekuahidi na hana. Napiga picha kwa sababu ratiba inasema nipige. Jasho linatiririka mpaka kwenye kitufe cha kamera.

Alfajiri ya leo Mama Mbuzi kaja na tawi lake mwenyewe. Akishapitisha mbuzi kule nyuma anarudi kinyumenyume, anafagia kwato zao na nyayo zake, hatua kwa hatua, mpaka anapotea nyuma ya kilima. Hakuna aliyemwomba. "Umri wako na wangu si wa kuinama sote wawili," kaniambia. Nimefurahi, maana kiuno changu kimepumzika.

Leo kafagia mbuzi thelathini na nne. Nimewahesabu kwa kukosa la kufanya.

14 Februari

Shemeji kaja kutoka mjini na makopo ya samaki. Anatafuna mdomo wazi. Anatafuna na kuongea, anatafuna na kucheka, na punje moja ya samaki ikaruka ikatua kwenye lenzi. Kwenye lenzi! Mdogo wangu alimpendea meno. Tangu utotoni anapenda kinachong'aa na haulizi kimetoka wapi. Namwonea huruma. Hapana, simwonei, aliyataka mwenyewe.

Kazi yangu kaisifu sana. "Shem, wewe ni mchawi. Utadhani dunia imeumbwa leo." Kilemba cha ukoka, najua, lakini nimekivaa.

20 Februari

Ukungu wa vumbi siku ya tatu. Jua kama sahani chafu. Wasichana wawili wenye madumu nimewaondoa kigingi cha pili.

27 Februari

Nimeanza kulijua bonde. Kigingi cha nne, kwenye majabali, saa kumi na moja na nusu jioni, jiwe linawaka jekundu kwa ndani kama kaa la moto, halafu linazimika ghafla. Nimelisubiri siku kumi na leo nimelipata. Nilipiga kelele peke yangu kama mwehu.

Nyuma ya majabali kuna mahema kumi na moja ya wafugaji. Moshi wao wa jioni unapanda na kuingia kwenye kona ya picha. Nimekwenda kuwaomba wapike baadaye kidogo. Watoto walikuwa wanalia njaa. Wamekubali, na mimi nimerudi nikinung'unika juu ya kamasi za watoto wale.

8 Machi

Leo nusura nife, na ningekufa kwa ulafi wa mwanga.

Nilikuwa kigingi cha tatu, kwenye mkondo mkavu wa mto, adhuhuri. Upepo ukanyamaza. Upande wa kaskazini mbingu ikageuka rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na mwanga ukawa wa ajabu: mchanga unang'aa kutoka chini na juu giza. Mtu mwenye akili angebeba stendi akaondoka. Mimi nikasema moja zaidi. Nikapiga, nikasema moja zaidi. Nilipoinua jicho ukuta wa vumbi ulikuwa umeshafika. Haukuja kama upepo, ulikuja kama mlango uliofungwa.

Nikaivua shuka niliyojitanda nikaizungushia kamera, si kichwa changu. Nikatembea nikidhani naelekea nyumbani. Baada ya muda sikujua tena juu ni wapi. Nikakaa chini nikainamisha kichwa magotini, mchanga ukaanza kunijaa mgongoni, na nikafikiri kwa uchungu kwamba nitakutwa nimekaa kama mzigo.

Nikasikia mluzi. Mluzi wa pengo! Mkono ukanishika kwapa, ukanivuta, nikatupwa katikati ya zizi la mawe penye mbuzi. Akanisukuma nikae baina yao, akanifunika na ngozi. Saa mbili nzima nimekaa nimekumbatia mbuzi. Nilitapika mara moja kwa ile harufu. Akaniambia masikioni, "Afadhali unuke uko hai."

Vumbi lilipopungua akaanza hadithi, nadhani ili nisilale. Kisima kilichimbwa na mama mkwe wake na mashemeji zake, viangazi viwili mfululizo, kwa sururu na kikapu. Mashemeji wawili walifia humo humo udongo ulipoporomoka. Kaya zote kumi na moja zinaishi kwa kisima hicho tangu mvua ikatike mpaka irudi. Maji mengine ni mwendo wa siku mbili, na mbuzi hafiki.

Nikamwuliza amejuaje nilipo. "Saa ile huwa uko mkondoni. Sisi sote tunajua saa zako, si lazima tukupishe?"

Nikamshukuru. Nimeandika haya huku bado natema mchanga.

9 Machi

Nimesafisha kamera kwa brashi siku nzima. Alfajiri Mama Mbuzi alikuja kama kawaida, nikampungia mkono arudi nyuma ya kilima. Karudi.

19 Machi

Leo nimeondoa: Mama Mbuzi na mbuzi wake, wanaume watatu na ngamia tisa (walizunguka jabali lote, robo saa nzima, na hawakugombana), mzee mmoja aliyekuwa anasali, na mbwa. Mbwa ndiye pekee aliyebisha.

28 Machi

Joto la leo sijawahi kuliona. Hata alfajiri ilikuwa moto. Wingu moja jembamba lilikaa mbele ya jua na halikutaka kuondoka. Mama Mbuzi alikuwa nyuma ya kilima, anasubiri. Nikapaza sauti, "Bado kidogo!" Nusu saa ikapita. "Bado kidogo, mama!" Nilikuwa nimeona jinsi wingu lile litakavyoachia, nilijua mwanga utakavyoanguka, na nilitaka. Saa nzima na nusu. Mbuzi walikuwa wanalia na mimi nilikereka na kelele zao.

Wingu likaachia. Nikapata picha.

Alipopita kwenda kisimani alikuwa amebeba kibuzi mikononi, kichwa kimelegea. Kakitilia maji mdomoni, maji yakatoka upande wa pili. Kakitilia tena. Kisha kakilaza kivulini kwa ukingo wa kisima na kuendelea kunywesha wengine, maana wengine walikuwa bado wanalia.

Nilitaka aseme. Nilitaka anitukane nijitetee. Alichofanya ni kuchukua tawi lake, akarudi kule walikosubiri, akafagia mpaka mahali kilipolala kibuzi.

Jioni Shemeji kaja kutoka mjini, kaiona picha kwenye kompyuta yake, mdomo umejaa mkate. "Hii ndiyo ya jalada! Hii ndiyo ya jalada, Shem!" Nikatoka nje nikatapika. Leo hakukuwa na harufu ya mbuzi ya kusingizia.

29 Machi

Nimepiga picha zote kumi na mbili.

6 Aprili

Mawingu ya kwanza. Vivuli vyake vinatembea juu ya mchanga, kilima kimoja kinawaka huku cha jirani kimezimwa, na ndani ya dakika vinabadilishana. Ningekuwa na roho safi ningesema ni mwanga bora niliowahi kuuona maishani. Roho yangu imechafuka. Kila picha nzuri naiangalia na kujiuliza nani kasimama nje ya ukingo wake na kiu.

Kila jioni nafuta zilizoharibika. Ndivyo nilivyojifunza kazi: picha mbaya haikai kwenye kadi. Leo nimefuta tisa, zote zina watu. Mama Mbuzi, wasichana wa madumu, mwanamke mwenye mimba. Nilizitazama kidogo kabla ya kufuta. Hazikuwa mbaya.

17 Aprili

Nimeshindwa kulala mchana kwa hasira, bora niandike.

Shemeji kaja na karatasi. "Saini hapa, Shem, utaratibu tu." Watu wengi husaini bila kusoma. Mimi nimejaza fomu za paspoti robo karne, nasoma mpaka namba ya chini. Imeandikwa hivi: Mimi, mpiga picha, natamka kwamba kwa siku tisini za kiangazi sikuona bondeni mtu, mifugo, njia ya miguu wala matumizi yoyote ya maji. Juu yake: Ombi la kukodishiwa ardhi isiyo na mwenyewe.

Nikamwuliza kitabu kiko wapi.

"Kitabu ndicho hiki. Picha elfu moja na themanini." Akanieleza taratibu, kama anamweleza mtoto. Sheria inasema ardhi isiyotumiwa kiangazi kizima haina mwenyewe. Kampuni yake inataka bonde lote, itazungushia uzio na kujaza vioo vya umeme wa jua. Picha zangu ni ushahidi, na ushahidi wa picha haukubaliwi bila kiapo cha aliyepiga.

"Na hawa watu?"

"Watu gani?" Akatabasamu na meno yake. "Nionyeshe picha moja tu yenye mtu."

Sina hata moja.

"Na kisima?"

"Kimeandikwa shimo la zamani, lilikauka."

"Tunaoga maji yake, wewe mtu!"

"Tunaoga, ndiyo. Lakini hatukuyapiga picha."

Nikatoka. Nikavizunguka vigingi vyote vinne juani, mwendo wa saa mbili. Mishale yote inatazama nje. Hakuna hata mmoja unaotazama kisima. Miezi miwili na nusu nimesimama nimekipa mgongo, nikidhani Shemeji kachagua kwa ajili ya mwanga. Yeye hajui hata mwanga ni nini. Mimi ninayejua ndiye niliyemsafishia bonde, kwa mdomo wangu, kwa "naomba" na "samahani mama". Najisikia kinyaa na mikono yangu.

Nimerudi nikamwambia sisaini. Akaendelea kutafuna. "Utasaini. Ongea na mdogo wako kwanza."

18 Aprili

Mdogo wangu kapiga simu. Nilipanda jabali ili nimsikie.

"Dada, saini tu. Ameahidiwa umeneja. Mwaka mzima tunaisubiri kazi hiyo."

"Kuna watu hapa. Kaya kumi na moja. Wakizungushiwa uzio watakunywa nini?"

"Watahama, wao si ndio maisha yao?"

"Hawahami. Wanakaa kiangazi chote."

"Dada, mimi nimekuomba nini tangu tumzike mama? Kitu gani nimewahi kukuomba?" Alikuwa analia. "Hao unawaita watu. Na mimi si mtu?"

Nikamwambia betri inaisha. Haikuwa inaisha.

22 Aprili

Siku nne nimempita yule mama mwenye mbuzi bila kumtazama usoni. Leo nimemfuata kisimani nikamwambia yote: karatasi, uzio, vioo, na kwa nini nilikuwa namwondoa. Nilisema haraka haraka, kama mtu anayetoa mwiba.

Alikuwa anavuta kamba. Akaendelea kuvuta mpaka ndoo ikafika juu, akaimimina kwenye hori, ndipo akakaa ukingoni.

"Kwa hiyo nilikuwa najifagia mwenyewe."

"Sikujua, mama."

"Hukujua au hukuuliza?"

"Sikuuliza."

Akatikisa kichwa, akatema mate pembeni. Hakunitemea mimi, lakini yaliniangukia karibu. "Tulisema huyu mwanamke anapenda sana mchanga, tumwachie. Wengine walisema una kichaa. Mimi nilikutetea." Akaitupa ndoo kisimani kwa nguvu, nikashtuka. "Sasa nenda ukafikirie utafanya nini. Mimi nina mbuzi."

26 Aprili

Mvua!

Ilianza na harufu, kisha matone makubwa yanayochimba mchanga. Saa nzima. Ilipokatika hewa ilikuwa imeoshwa kiasi kwamba niliona milima mbali huko ambayo siku zote hizi sikujua ipo. Mchanga ukawa na rangi nzito kama kitambaa kilicholowa, majabali yakawa meusi.

Nikang'oa stendi kigingi cha kwanza nikaigeuza itazame kisima. Nikawaomba waje wote. Wakaja, kaya kumi na moja, mbuzi, ngamia, watoto na kamasi zao. Nikapiga mpaka kadi ikajaa. Mama wa kisima, sitamwita tena Mama Mbuzi, alisimama kando, hakutaka kutabasamu. Sikumwambia atabasamu.

30 Aprili

Shemeji kaziona picha za mvua. Hata hakukasirika. "Zimekaa vizuri. Tarehe yake ni ishirini na sita, mvua imeshanyesha. Hao ni wafugaji waliofuata mvua, kila mtu anajua hufuata mvua. Nani atabisha?"

Kachukua kadi zote na kompyuta. Anasema atasaini mwenyewe kama mpiga picha. Yeye! Mtu asiyejua kadi inaingia upande gani! Siku zilizobaki atajazia picha za Februari, "mchanga ni mchanga". Nikamwambia jua la Mei halichomozi pale lilipochomoza Februari, vivuli vimehama, kipofu tu ndiye hataona. Akasema maofisa hawaangalii vivuli.

Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Kaondoka na gari. Nimebaki na daftari na makopo mawili ya samaki ambayo siwezi hata kuyatazama.

4 Mei

Nimefika mjini jana nyuma ya lori, pamoja na mama wa kisima na wenzake wanne. Ofisi ya ardhi ina mabenchi ya mbao na feni isiyozunguka. Karani, ambaye ndiye anayeamua maombi ya ardhi, ni mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa.

"Dada, neno lako ni neno. Wao wana picha elfu moja na themanini na kiapo. Hawa akina mama wameshasema walikuwepo, kampuni inasema walikuja na mvua. Una kitu chochote kilichoandikwa siku zile zile, si leo?"

Nikapapasa mkoba wangu. Kisha nikasema nina daftari.

"Lina tarehe?"

"Kila siku, na waliopita."

Akavua miwani. "Keshokutwa saa tatu tunasikiliza. Likipokelewa linasomwa lote, kwa sauti, mbele ya pande zote. Na sikiliza: daftari lililochanwa hata ukurasa mmoja silipokei. Nimeshachezewa sana hapa."

5 Mei

Asubuhi, chumba cha kupanga nyuma ya soko. Nimelisoma daftari tangu mwanzo.

Jamani, mimi ni mtu gani? Nilivyomwandika yule mama siku ya kwanza, na wale watoto wa mahemani na njaa yao. Kesho atakaa benchi la mbele asikie. Na mdogo wangu amesema atakuja kumsindikiza mumewe. Nimeandika kwamba simwonei huruma. Nimeandika alivyolia kwenye simu, na nilivyomdanganya kuhusu betri. Nyani haoni kundule. Mimi langu litasomwa ofisini kwa sauti ya karani.

Nimeshika ukurasa wa tarehe nne Februari kwa vidole viwili. Ungechanika vizuri tu, uzi wa daftari umelegea. Nikasema nitamwambia karani ulinyeshewa. Lakini ndio ukurasa wa kwanza wenye mbuzi, na kila ukurasa ninaouonea aibu ndio wenye watu wengi. Nikiondoa aibu yangu naondoa na wao. Nilishawaondoa mara ya kwanza.

Sichani. Hili la kesho nitaliandika kwingine, maana daftari halitakuwa langu tena.

6 Mei

Daftari jipya.

Karani alisoma kwa saa tatu, sauti moja, kama anasoma orodha ya dawa. Shemeji alikuwa kulia na wakili wa kampuni. Mdogo wangu nyuma yake, kanitazama mara moja tu. Ilipofika punje ya samaki watu walicheka, na Shemeji akafunga mdomo kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Iliposomwa sehemu ya mdogo wangu hakuna aliyecheka. Alisimama akatoka. Nilitaka kumfuata, karani akaninyooshea kidole nikae.

Lakini kabla ya yote hayo ilikuwa tarehe nne Februari. Karani alifika kwenye neno beberu akasita. Akamwangalia mama wa kisima juu ya miwani.

"Mama, hapa amekutukana. Niruke?"

"Tarehe ngapi hiyo?"

"Nne Februari."

"Mvua ilikuwa imenyesha?"

"Bado miezi miwili na zaidi."

Akajifunga shuka vizuri. "Usiruke. Kama nilinuka, basi nilikuwepo."

Wakili akasimama kupinga, karani akamwambia akae. Akasoma. Mbuzi thelathini na nne, wasichana wawili, ngamia tisa, mzee anayesali, moshi wa jioni, kibuzi. Nilitazama sakafu muda wote. Saa sita na robo akafunga daftari, akaandika mwenyewe kwa mkono kwenye jalada la ombi, akatusomea: limekataliwa, bonde lina watu, kisima kina wenyewe.

Akina mama walipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja kuangalia. Nimempigia mdogo wangu mara nne, hapokei.

Nje, kwenye lori, nikamsogelea mama wa kisima. Nikamwambia nisamehe. Nikamwambia nimeona aibu, kwa yale maneno na kwa yale niliyofanya ambayo ni mabaya kuliko maneno.

Akanisikiliza, mkono mmoja kwenye ubao wa lori. "Kisima kimepona," akasema. "Mimi na wewe bado."

"Ni haki yako, mama."

"Sikukuuliza," akasema, akapanda.